Riwaya za kutisha kwa sauti na usingizi unaopotea

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: unasikiliza riwaya za kutisha kitandani, kisha unakesha ukishtuka kila mlango unapolia, na unauliza kama uziache kabisa. Usiziache; badilisha saa. Msomaji wa kitabu cha karatasi huweza kukifunga au kuruka aya, ilhali sauti hukuendesha kwa mwendo wa msimulizi, gizani, ndiyo maana hofu hukuganda. Mimi niliyapitia hayo, nikahamishia usikilizaji mchana, wakati wa kufua na kupika, na usingizi ukarudi taratibu. Anza na Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, kwani imeundwa kwa shajara na barua, hivyo haikosi mahali pa kutua. Ukipenda mapambano kuliko mizuka, tafuta Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, yenye mpelelezi Willy Gamba. Hiyo, kwa maoni yangu, husomwa vizuri zaidi kwa macho. Usisikilize kwa vipokea sauti unapovuka barabara. Kukosa usingizi kukiendelea kwa wiki kadhaa hata baada ya mabadiliko haya, tafadhali muone daktari.