Siku tatu Savannah na mama mtu mzima: mlale wapi, mtembee vipi

Ndugu uliyeuliza kama mnaweza kwenda Savannah, Georgia, siku tatu kwa gari kutoka Atlanta, mkiwa na mama mwenye magoti mabovu: mnaweza kabisa, na mji unamfaa. Ila yote yanategemea mtakapolala. Hoteli za kando ya barabara kuu ya I-95, nje ya mji, ni nafuu, na ndizo zinazoharibu safari. Kila asubuhi mtaingia mjini kwa gari, mtazunguka kutafuta maegesho, na mama atafika amechoka kabla hajaona kitu. Bora usiku mbili ndani ya mji mkongwe, kati ya mtaa wa Broughton na bustani ya Forsyth, kuliko usiku nne huko nje.

Mwingereza James Oglethorpe alipoanzisha mji huu Februari 1733, aliugawa katika kata, kila kata na kiwanja chake wazi katikati. Viwanja vilifika 24, na 22 vipo hadi leo, kutoka kimoja hadi kingine ni dakika mbili tatu kwa miguu. Karibu kila kimoja kina mabenchi na kivuli cha mialoni, ile yenye ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini (mmea ule ni wa ukoo mmoja na nanasi, msiokote ulioanguka chini, hubeba wadudu wa kuwasha). Kwa hiyo mama atatembea kwa vituo. Shikeni mtaa wa Bull kutoka jengo la manispaa lenye kuba la dhahabu, muelekee kusini, mpite viwanja hivi: Johnson, Wright, Chippewa, Madison, Monterey, halafu bustani ya Forsyth yenye chemchemi ya mwaka 1858. Ni kama kilomita moja na nusu. Mpeni asubuhi nzima. Akichoka, yapo mabasi ya bure ya mjini yanayoitwa dot. Mkilazimika kuendesha, magari huzunguka kiwanja kinyume cha saa, na anayeingia humpisha aliye ndani.

Penye hatari kwa magoti ni River Street, mtaa wa kando ya mto. Kule chini barabara na miteremko imetandikwa mawe ya farumi yaliyoshushwa na merikebu, hayalingani, na mvua ikinyesha yanateleza. Ngazi za Factors Walk, njia iliyo juu ya mtaa huo, ni za mawe, zimesimama wima, na vipandio havitoshani. Mama asizishuke. Tumieni lifti iliyo karibu na jengo la manispaa. Mkishafika chini, pandeni kivuko cha Savannah Belles, ni bure: upepo wa mto, kiti, na meli kubwa za makontena zikipita karibu mno.

Savannah iko mtoni; bahari yenyewe iko kisiwa cha Tybee, kama kilomita 29, na njia ya gari ni moja tu, barabara ya US 80, inayokatiza mabwawa ya maji ya chumvi. Siku za bamvua, hasa upepo ukivuma kutoka kaskazini-mashariki, maji hupanda barabarani. Angalieni utabiri wa maji wa kituo cha Fort Pulaski: yakikaribia futi 9.5, subirini yapwe. Mnara wa taa una ngazi 178, kwa hiyo mama abaki chini. Na usubi! Majira ya kuchipua na ya vuli, alfajiri na jioni upepo ukitulia, wanauma vibaya. Vaeni mikono mirefu, na mkae penye upepo au feni, kwani hawawezi kuruka dhidi ya upepo.

Kuhusu tarehe, epukeni siku za kuzunguka Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patriki, mji hufurika na bei hupaa. Julai na Agosti joto ni zito, na mvua za radi hupiga alasiri. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Wekeni chumba kinachoweza kufutwa bila kulipia.

Naomba sana msilikose kanisa la First African Baptist, karibu na kiwanja cha Franklin. Jengo lilikamilika 1859 kwa mikono ya watu waliokuwa watumwa. Kwenye mbao za sakafu kuna matundu madogo yaliyotobolewa kwa umbo la alama ya Wakongo, msalaba ndani ya almasi. Waongozaji hueleza kwamba yalipitisha hewa kwa watoro waliofichwa chini. Inameni muyatazame kwa karibu. Ulizeni saa za ziara mapema, kwani bado watu husali humo. Nyumba ya Owens-Thomas, ambayo sasa ni makumbusho, nayo ina makazi ya watumwa yaliyohifadhiwa, rangi ya buluu ya zamani ikionekana bado darini, lakini ina ngazi. Mwambieni mhudumu kabla ya kukata tiketi.

Chakula hakitampa mama shida: wali mwekundu wa nyanya, kamba, bamia, na biskuti za ufuta. Ufuta huko huitwa benne, jina lililokuja na watu wa Afrika Magharibi.

Kurudi Atlanta ni mwendo wa kama saa nne. Barabara kuu ya I-16 hadi Macon ni misitu mitupu na vituo vichache, kwa hiyo jazeni mafuta Pooler, mji mdogo ulio karibu na Savannah, na mama aende msalani hapohapo.