Unataka kuanza intarsia? Anza na mbao, mashine itafuata

Nikiposti picha ya kazi yoyote ya intarsia, swali la kwanza inboksi ni mashine ya kukatia. Aina gani, bei gani, unaipata wapi. Nitaligusa, ila naomba tuanze na mbao kwanza, kwa sababu kwenye hii kazi rangi yote inatoka kwenye mbao zenyewe, hamna kupaka, na mtu akiwa na mashine ya maana huku ana mbao za rangi moja tu atakata vizuri sana afu ukisogea hatua tatu huoni samaki wala jahazi, unaona ubao tu.

Kwa asiyejua, intarsia ni picha inayotengenezwa kwa vipande vya mbao za aina tofauti, kila kipande kinakatwa kivyake, kinasuguliwa hadi kiwe na mwinuko wake, afu vinapangwa vikibanana. Asili yake ni ya zamani, Waitaliano kwenye miaka ya 1470 kule Urbino walimtengenezea Federico da Montefeltro chumba cha kusomea ambacho kuta zake zinaonyesha makabati yamefunguliwa yana vitabu na ala za muziki ndani, kumbe hamna kabati, ni mbao bapa zilizopangwa kwa rangi zake. Hii tunayofanya sisi siku hizi, yenye vipande vilivyoinuka na kuviringwa, yaani kusuguliwa viwe na mviringo, ni ya juzi juzi, na Judy Gale Roberts wa Tennessee, Marekani, ni mmoja wa watu walioitangaza sana. Michoro mingi utakayokutana nayo mtandaoni inataja mbao za kwao huko, usihangaike nazo. Sisi tuna mbao ambazo wao wanazitafuta kwa hela nyingi.

Sasa hapa Dar mbao unapata wapi. Usiende kununua ubao mzima, utafilisika bure. Nenda Keko, kule kwenye karakana za fanicha, uangalie pale chini ya mashine ya kupasulia, vipande vya mninga, mkongo, mtiki vya urefu wa kiganja vimerundikwa na vingi vinaishia kuwa kuni. Salimia vizuri, jieleze. Mzee mmoja aliponiona naokota vipande aliniuliza, "Unaenda kuchomea nini mwanangu?" nikamwonyesha picha kwenye simu, akaiangalia muda mrefu, akasema "Chukua, ila ule mninga mkubwa uache, nina kazi nao." Tangu siku hiyo ananiwekea pembeni vile vyenye mchoro mzuri, na mi nikipita sikosi kumwachia hela ya chai.

Rangi zenyewe zipo hivi. Nyeupe au njano mpauko utaipata kwenye paini, hii ya Sao Hill kule Mufindi inayouzwa kila kona, ni laini, inakatika kirahisi, na ndiyo ya kujifunzia. Mtiki una rangi ya kahawia ya dhahabu, mvule unaukaribia ila unazidi kukolea kadiri unavyokaa. Mkongo ni kahawia inayokwenda kwenye wekundu. Mninga ndio kipenzi changu kabisa, kahawia nyekundu yenye michirizi, na ukipata kipande chenye ile sehemu ya nje karibu na gome utakuta ni ya krimu kabisa, kwa hiyo ubao mmoja unakupa rangi mbili zinazokutana zenyewe, unaweza kutoa tanga na kivuli chake kwenye kipande kimoja. Mfenesi ni njano, mtu akiangusha mti uani kwake usiache kuomba. Mnazi una vitone vyeusi, unafaa manyoya ya ndege au mwili wa samaki.

Nyeusi ni mpingo, na hapa nenda Mwenge kwa wachonga vinyago, unatafuta vipande vidogo tu kwa sababu kwenye picha nyingi nyeusi ni jicho, mdomo wa ndege, mlingoti. Angalizo, mbao nyingine hupakwa kiwi zikauzwa kama mpingo. Kwaruza upande wa chini kwa kisu uone ndani, halafu tupia kipande kwenye ndoo ya maji, moyo wa mpingo unazama. Ni mgumu kweli, usianze nao siku ya kwanza, na ukiukata nenda polepole bila kusukuma.

Kitu kimoja watu wa Pwani lazima tukizingatie ni unyevu. Mbao ikitoka karakana ya wazi ukaikata siku hiyo hiyo, ikaja kukauka ndani kwako, vipande vilivyokuwa vimebana vinaachia. Vikate vipande vikubwa kidogo kuliko unavyohitaji, vipange ndani ya nyumba vikiwa vimeachana ili hewa ipite, vikae wiki kadhaa. Mi naandika kwa penseli jina la mti na mwezi nilioleta.

Kabla ya kukata chukua kitambaa chenye thina kidogo ufute uso wa mbao. Ile rangi inayotokea kwa sekunde chache kabla thina haijakauka ndiyo karibu na rangi utakayoiona ukishapaka vanishi. Panga mbao zako zote mezani, zifute, rudi nyuma uangalie. Hapa ndipo picha inapoamuliwa, kiukweli, na ndio maana nasema mtu asikimbilie mashine. Na angalia nyuzi za mbao, ile mistari yake ya asili, zinaelekea wapi! Nyuzi za tanga zipande juu kwa kufuata upepo, za maji zilale, za jahazi zifuate urefu wake. Kwenye mchoro weka mshale kila kipande kuonyesha nyuzi zielekee wapi, pamoja na namba ya kipande na jina la mti.

Haya mashine sasa. Skroli ni msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, unasogeza mbao we mwenyewe kwa mikono. Kwa anayeanza zile za inchi 16 zinatosha kabisa, hiyo inchi 16 ni nafasi kutoka kwenye bledi hadi nyuma. Mambo mawili ndiyo ya kuyasimamia. La kwanza, ipokee bledi zisizo na pini, yaani kale kachuma kanakopita kwenye ncha za bledi, maana bledi za pini ni nene na uchaguzi wake ni mdogo. La pili, spidi iweze kupunguzwa, nyingi zinaanzia mapigo 400 kwa dakika hadi 1600 hivi. Ukipata yustidi iliyotoka Marekani kumbuka ya kwao ni volti 120, ya kwetu ni 230, bila transfoma unaiunguza, na hata ukiwa na transfoma umeme wao ni hezi 60 wetu 50 kwa hiyo mota zingine zitazunguka taratibu na kupata moto. Tafuta ya volti 230 uepuke hayo yote. Na kama hela haijafika, nunua ule msumeno mdogo wa mkono wenye fremu ya upinde, unatumia bledi zile zile za urefu wa inchi 5 zisizo na pini, kazi inachelewa ila inafanyika na mkono unazoea kona.

Bledi ni chakula cha kila siku, nunua dazeni. Zina namba, kubwa ni nene na ndogo ni nyembamba. Namba 5 inatosha kwa paini ya inchi moja iliyorandwa, ambayo inabaki kama milimita 19. Kwa mninga na mkongo panda namba 7 au 9, kwa kona ndogo na mbao nyembamba shuka namba 3. Meno yaelekee chini. Ikaze hadi ukiidonoa kwa kidole itoe mlio mkali. Bledi ikianza kuunguza mbao au kukulazimisha usukume, itoe, hata kama inaonekana nzima.

Afu kuna hili la meza, naomba ulisome mara mbili. Meza ya mashine lazima iwe nyuzi 90 na bledi, vinginevyo kila kipande kitakuwa na ukingo uliolala na vipande vitakutana juu vikaachana chini. Kupima ni rahisi, chukua kipande kinene cha mbao, kata kidogo tu ukingoni, zima mashine, kizungushe ukipeleke nyuma ya bledi uone kama ule mchano unaingia kwenye bledi bila kukwama. Ukiingia wenyewe, meza iko sawa. Ukikataa, rekebisha urudie. Usiamini namba zilizochorwa kwenye mashine.

Ukianza kukata utashangaa bledi inavuta upande mmoja, mara nyingi kulia, unafuata mstari na yenyewe inakwenda kwake. Mashine haina ubovu. Bledi zinavyotengenezwa upande mmoja unabaki na ukali zaidi, kwa hiyo unageuza mbao kidogo, unakata kwa pembe, na ukishazoea huwazi tena. Kata katikati ya mstari, usiache nje usile ndani. Mchoro wako utolee kopi kadhaa steshenari moja kwenye mashine moja, maana fotokopi mbili za sehemu tofauti zinaweza kupishana kidogo na hicho kidogo ndicho kitakachokutesa kwenye kubananisha. Kopi moja usiikate kabisa, hiyo ndiyo ya kupangia vipande. Bandika zile nyingine kwenye mbao na juu yake pitisha selotepu ya kufungia maboksi, inasaidia bledi isiunguze mbao ngumu.

Kazi ya kwanza chagua yenye vipande kama kumi na mikunjo mipana. Jahazi linafaa sana: tanga la paini au la ile krimu ya mninga, mwili wa mninga, mlingoti wa mpingo ukishaweza, mawimbi ya mtiki na mkongo. Achana na simba na twiga mwanzoni, macho na nywele ni kazi ya baadaye.

Ukishakata vyote vipange juu ya ile kopi, afu viinue viwili viwili kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya, sugua kidogo pale vinapogusana, sio pale penye uwazi. Maliza kubananisha kabla hujaanza kuviringa kitu chochote.

Kuviringa ndio raha yenyewe. Kwanza amua nini kiko karibu na wewe na nini kiko mbali. Tanga limejaa upepo kwa hiyo liko juu, chini yake unaweka plaiwudi ya milimita 6 liinuke. Maji ya mbali yako chini, unayapunguza. Ukipunguza kipande cha chini, kirudishe sehemu yake, chukua penseli uchore kwenye ubavu wa jirani yake pale kilipofikia. Mstari huo unakwambia usisugue jirani kupita hapo, ukipita unaanika ubavu wa kipande cha pembeni. Na vipande vinavyotengeneza umbo moja, mfano mbao tatu za mwili wa jahazi, vibandike kwa selotepu ya pande mbili juu ya plaiwudi moja uvisugue kwa pamoja, mviringo unatoka mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukisugua kimoja kimoja macho yanaona ngazi.

Vifaa vya kuviringia sio lazima viwe vya gharama. Tupa ya mbao, dril yenye rola ya msasa, msasa uliozungushiwa kwenye bomba la plastiki. Msasa namba 80 kutoa umbo, 120 kufuta mikwaruzo, 220 kumalizia, siku zote ukifuata nyuzi. Na vaa maski ya maana jamani, vumbi la mvule linawasha na kubana kifua, la mkongo linapigisha chafya, hii sio ya kujikaza. Miwani pia.

Vanishi paka kipande kimoja kimoja kabla ya kugundisha, upande wa chini uache mkavu ili gundi ishike. Paka nyepesi, subiri kidogo, futa inayobaki hasa kwenye kingo. Mafundi wengi watakwambia wakupulizie kwa bomba, ukikubali usifanye hivyo kwenye masika, hewa ikiwa na unyevu ile spreyi inaweka ukungu mweupe na mpingo wako unakuwa kijivu.

Kugundisha, panga vipande vyote juu ya plaiwudi ya milimita 6, chora ukingo wa nje, kata ndani ya mstari kama milimita 2 ili isionekane kwa pembeni. Mgongo wake nao upake vanishi, ukiuacha wazi unapinda. Gundi nyeupe ya mbao, matone machache chini ya kila kipande, usipake kati ya kipande na kipande, mbao ya hapa Dar inavimba na kusinyaa mwaka mzima, iachie nafasi. Mpingo na mtiki zina mafuta, zifute kwa thina chini kabla ya gundi.

Na usiitundike panapopigwa na jua la mchana. Njano ya mfenesi inageuka kahawia, wekundu wa mninga unabadilika pia. Ukileta mbao mpya chukua kipande kidogo, nusu uifunike kwa karatasi nyeusi, kiweke dirishani miezi miwili mitatu ndio uamue unaitumia kwa ajili ya nini.