Kupeleka matukio ya XML kwa vishughulikiaji viwili

Ukitaka matukio ya faili moja la XML yafike kwa vishughulikiaji viwili (vitu vya msimbo vinavyopokea matukio hayo), huenda ukajiuliza kama inatosha kuvisajili kwa kuita setContentHandler mara mbili. Hapana, kuiita mara mbili hakutakupa vishughulikiaji viwili, kwa sababu kisomaji cha SAX (njia ya kusoma XML hatua kwa hatua na kutoa tukio kwa kila sehemu) kwenye Java hushika kimoja tu, na cha pili hukiondoa cha kwanza papo hapo, hata kama usomaji umeshaanza. Andika klasi moja ya kati inayotekeleza ContentHandler (kiolesura cha SAX cha kupokea matukio) na kubeba orodha ya vishughulikiaji vyako, ili kila inapopokea startElement (mwanzo wa elementi), characters (maandishi) au endElement (mwisho wa elementi) ilipitishe tukio hilo kwa kila kimoja kwa zamu. Kisha sajili klasi hiyo peke yake.

Tahadhari moja, ambayo mimi niliijua kwa jasho nilipokuwa nikitengeneza ripoti ya duka moja la Kariakoo: kishughulikiaji kimoja kilihifadhi Attributes (sifa za elementi, kama bei) ili kizisome baadaye, na bidhaa zote zikatoka na bei ya bidhaa ya mwisho. Attributes ni halali ndani ya startElement tu, kwa hiyo ukizihitaji baadaye, tengeneza nakala yake kwa klasi ya AttributesImpl. Vilevile characters huweza kuitwa zaidi ya mara moja kwa maandishi yaleyale, “Mchele” ukafika kama “Mch” na “ele”, hivyo kila kishughulikiaji kikusanye vipande vyake hadi endElement.