Ukocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo: akubali au asubiri?

Ndugu, umeuliza kama kocha msaidizi akubali kuongoza timu ya chuo inayofungwa kila wiki. Mara nyingi hiyo ni salama kuliko kurithi timu yenye jina. Kocha Urban Meyer aliichukua timu ya chuo cha Bowling Green iliyomaliza msimu wa 2000 kwa ushindi 2 na vipigo 9. Msimu uliofuata ikashinda 8, na kufikia 2005 alikuwa kocha wa chuo cha Florida, chenye jina kubwa. Scott Frost aliiongoza UCF (Chuo Kikuu cha Florida ya Kati) kushinda mechi zote 13 mwaka 2017, akahamia chuo cha Nebraska chenye historia nzito, akashinda 16, akapoteza 31, akafukuzwa Septemba 2022.

Kabla ya kusaini, aulize bajeti ya mishahara ya wasaidizi na fedha za wachezaji. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa kutumia majina yao, na kuhamia chuo kingine bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo chuo maskini hunyang'anywa nyota wake mara msimu unapoisha. Asome pia kifungu cha fidia ya kufukuzwa: mikataba mingi hupunguza malipo hayo kocha akipata kazi nyingine.

Akifukuzwa, njia ipo. Steve Sarkisian aliachishwa ukocha wa chuo cha USC mwaka 2015, baadaye akasimamia mashambulizi ya timu ya chuo cha Alabama, na 2021 akapewa ukocha mkuu wa chuo cha Texas.