Nyanya zinanyauka zingali mbichi

SWALI: Shikamoo Bibi. Nyanya zangu hapa Usa River zilipoanza kuweka maua tu, zikanyauka majani yakiwa mabichi. Muuza mbegu anasema nihamie aina ya nyanya iitwayo Tengeru 97. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue bado. Kata shina karibu na udongo, ulisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe ukishuka kama maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Tengeru 97 inahimili mnyauko fuzari, ule wa kuvu unaoanza kwa majani ya chini kuwa manjano; huu wako ni mwingine. Wala hauna dawa ya kupuliza, hata muuzaji awe na maneno matamu. Ng'oa, choma, tuta lipe mahindi. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo visikanyage hapo. Nyanya zipande kwenye viroba, udongo utoe kwingine.