Kwa Wanaoanza Kazi Westlands: Wadi Moja Si Mtaa Mmoja

Ukiajiriwa katika ofisi ya mbunge kuwahudumia wananchi wa eneo bunge la Westlands, Nairobi, utaonyeshwa ramani yenye wadi tano: Kitisuru, Parklands/Highridge, Karura, Kangemi na Mountain View. Ikariri, kisha utembee kwa miguu, kwa maana mipaka hiyo huficha mengi. Wadi ya Karura ina Gigiri, ziliko ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, ina Runda yenye mageti na walinzi, na ina Githogoro, mtaa wa mabati ambao wakazi wake wengi hutoka alfajiri kwenda kufua, kupika na kutunza bustani katika nyumba za majirani hao.

Mimi nilianza vibaya. Niliitisha kikao Kangemi siku ya Jumatano saa nne asubuhi, wakaja wazee na wenye ploti, nami nikaandika katika ripoti kwamba kilio kikubwa ni barabara. Tuliporudi Jumapili baada ya ibada, wapangaji walijaa, na karibu wote walizungumzia maji. Mama mmoja anayefua nguo Loresho alituhesabia kwa vidole mitungi ya lita 20 anayonunua kila jioni: wa kupikia, wa kuoga watoto, wa vyombo, na wa nne ambao hauguswi mpaka asubuhi. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kangemi ni mali ya familia zilizoigawa na kujenga vyumba vya kupangisha, kwa hiyo mwenye ploti na mpangaji wake, hata wakiishi ua mmoja, hawana shida moja. Mfereji ukikauka, mpangaji hunyamaza mbele ya mwenye nyumba asije akaambiwa ahame. Wasikilize kila mmoja kwa wakati wake.

Parklands malalamiko huja kwa barua, nyingine zikiwa na picha na vifungu vya sheria, kwa sababu maghorofa yanaota palipokuwa na nyumba ya familia moja huku mabomba ya majitaka yakizidiwa. Madai hayo ni ya haki kabisa. Hata hivyo, barua ni rahisi kuhifadhi na kujibu, ilhali neno la mtu wa Deep Sea, mtaa wa mabanda ulio bondeni, ambako nyumba zilibomolewa mwaka 2021 kupisha barabara, hupotea pale pale linaposemwa. Weka daftari moja, uandike humo kila lalamiko na tarehe yake, liwe limeletwa kwa karatasi au kwa mdomo.

Usiahidi yasiyo ya ofisi yako. Katiba ya mwaka 2010 iliipa serikali ya kaunti maji, taka, mipango ya ujenzi na elimu ya chekechea. Mbunge hutunga sheria, huidhinisha bajeti na kuisimamia serikali, na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge (NG-CDF), iliyoanza kama CDF mwaka 2003, hujenga madarasa na kutoa basari. Anayelalamikia taka mpeleke kwa mwakilishi wadi, kisha umuulize baada ya wiki mbili kama alisikilizwa.

Fomu za basari nazo zisikae ofisini. Zipeleke makanisani, misikitini na kwa wazee wa mitaa mapema, maana fomu huhitaji muhuri wa chifu, na mama anayetoka kazini saa mbili usiku hakuti mlango wowote wa serikali ukiwa wazi.