Soma herufi kwanza, sura baadaye

Wadogo zangu wa stoo, leo nimepitia trei zenu nikakuta lebo tatu za Caracalla, kaisari wa Roma, kwenye sarafu ambazo si zake, ikabidi nikanywe chai kwanza ndo nirudi kuandika. Nawapenda, lakini jamani someni!

1. Usianze na sura. Andika herufi moja moja, isiyoonekana weka nukta, jina la kaisari lije mwisho kabisa.

2. ANTONINVS peke yake siyo jibu. Hapa ndo niliumia. Miezi yangu ya kwanza hapa Uingereza nilipewa dinari moja safi, ile sarafu ya fedha ya Kirumi, upande wa kichwa inasomeka vizuri kabisa IMP ANTONINVS PIVS AVG, nikaandika Caracalla kabla hata sijaigeuza. Nilipogeuza nikaona mtu kasimama anamimina sadaka juu ya madhabahu, na pembeni yake, pale palipo wazi, kuna kitu kidogo kimevimba. Nikajua ni uchafu. Nikachukua pini nikaanza kuchokoa, hakitoki, nikakaza mkono. Msimamizi wangu akapita, akainama kwenye lenzi, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Hiyo ilikuwa nyota." Nyota ya Elagabalus, kaisari mwingine kabisa! Na maandishi ya kuzunguka yalikuwa na neno SACERDOS zima, kuhani, na yeye ndiye aliyekuwa kuhani wa mungu jua wa Emesa, Homs ya leo kule Syria. Caracalla aliuawa 217, huyu kijana akashika madaraka 218 huku bibi yake akitangaza kwamba ni mtoto wa Caracalla, ndo maana wanatumia jina lile lile. Jibu lote lilikuwa mbele yangu na mimi nikalikwaruza. Fedha iliyodumu karibu miaka 1,800, na ule mkwaruzo bado unang'aa, kila nikivuta ile droo nauona. Kwa hiyo nikiona mtu ana pini mkononi napiga kelele, msinichukie.

3. Kichwa chenye taji la miale kwenye sarafu ya fedha, hiyo ni antoniniani, aina nyingine ya sarafu. Caracalla ndo aliianzisha 215, baba yake Septimius Severus alishafariki 211, msimpe.

4. Pima uzito, kagua ukingo. Ukiona mshono au vishimo vya mapovu, huenda ni bandia ya kumiminwa kwenye kalibu, weka kando uniite.

5. Ukoo wa kaisari Constantine: CONSTANTINVS, CONSTANTIVS, CONSTANS, baba na wanawe, hesabuni herufi baada ya CONSTAN. Kwenye sarafu zao zilizoandikwa GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, zenye bendera mbili zinatangulia, zenye moja zinakuja kama 335. Herufi za chini ya mstari ni za mji sarafu ilikotengenezwa: SMANT ni Antioch, TRP ni Trier. Juzi mmoja wenu kaniletea ya shaba, imebaki CONSTANTI, halafu pameliwa, halafu VS. Hakukisia. Kaweka nukta na alama ya kuuliza, kwa penseli, mwandiko mzuri. Nimeiacha lebo yake hivyo hivyo.